Mkanda Mwekundu wa Sketi Yako

Ndung'u,

Nianze na sketi, kwa sababu hapo ndipo nilipoanza kushuku.

Wiki ile ya mazishi, hata sufuria za kuazima zikiwa bado hazijarudishwa, Wekesa, mwenzako wa kayaki, alikuja na gari lake la Probox akaleta vitu vyako. Kayaki ya njano, ule mtumbwi wako mwembamba wa mtu mmoja, kasia, kofia ngumu, jaketi la kuelea, na ile sketi ya mpira mnayovaa kiunoni kisha mnaibana kwenye tundu la kukalia ili maji yasiingie ndani. Alivipanga uani kimoja kimoja, akasema pole mara nyingi, akaondoka bila kunywa chai. Mama hakutoka nje. Nilipobaki peke yangu niliichukua sketi. Unajua siwezi kushika kitu kilichoshonwa bila kukigeuza upande wa ndani. Nikaigeuza. Haikuwa yako.

Ningeijuaje yako? Niliishona mwenyewe. Tulitafuta kitambaa pamoja kwenye mitumba ya Toi, ukapata suruali mbili za mpira za wazamiaji zilizochanika magoti, ukazishangilia kuliko suti uliyovaa kazini. Niliikata na kuishona kwenye kibanda changu pale Kenyatta Market, na kwa kuwa jirani yangu ni mchoma nyama, ulikuwa ukilalamika kwamba hata ukiwa baharini kiuno chako kinanuka mbuzi. Mshono wangu ni wa mistari miwili na juu yake zigizaga. Na mbele kulikuwa na ule mkanda wa kuvuta, mwekundu, ulioukata kwenye mkoba wa Mama wa kanisani.

Mkanda huo ndio jambo lenyewe. Ulinieleza ukiwa umesimama kibandani kwangu, sketi umeivaa juu ya suruali ya ofisi, na wasusi wa saluni ya pili wakikuuliza kama ipo saizi yao. Kayaki ikipinduka na ukashindwa kujirudisha juu, ulisema, unauvuta mkanda, sketi inachomoka, nawe unatoka. Bila mkanda umefungwa humo kama maharagwe kwenye mtungi. Ukanifanya niuvute ukiwa umekaa kwenye beseni langu la nguo, nikauvuta, ukaridhika.

Sketi aliyoileta Wekesa ilikuwa imepauka, ina chumvi kwenye kila mkunjo. Lakini mkanda wake ulikuwa mweusi, umebandikwa kwa gundi, na ile gundi bado ilinuka. Huo mkanda haukuwa umewahi kugusa bahari. Sasa niambie, nani huenda kubadilisha mkanda wa sketi ya mtu aliyekwisha kufa?

Niliikunja nikaiweka chini ya kitambaa cha pazia pale kazini. Ulikuwa ukisema mimi nitashuku hata chai niliyoichemsha mwenyewe, na safari hii sikutaka kuanza maneno kabla ya kuwa na uhakika. Tena nyumbani palikuwa na shuku nyingine, kubwa kuliko yangu.

Mazishini mhubiri alisema kuna watu wanaotafuta mawimbi wakati wenzao wanamwomba Mungu ayatulize. Hakukutaja, lakini watu walitikisa vichwa, na wengine wakamtazama Mama. Halafu kuna wale waliokumbuka kwamba ulikuwa umeachana na Mumbi mwanzoni mwa mwaka. Maneno yakapita chinichini kutoka hema hadi jikoni. Mama akayasikia yote, akayaweka pamoja kichwani, na asubuhi moja tukichagua maharagwe akaniuliza, "Wangui, mtu mwenye akili zake anaweza toka hapa Dagoretti aende mpaka Pwani kutafuta maji mbaya?" Nikamwambia yalikuwa mazoezi. Akauliza, "Mazoezi ya nini?" Kisha akaendelea kuchagua maharagwe.

Tangu siku hiyo hakukuita Baba tena. Unajua tangu uzaliwe hakuwahi kukuita Ndung'u, kwa sababu ulibeba jina la baba yake, na yeye hawezi kumwita baba yake kwa jina. Baba amekula? Baba amechelewa leo. Baba, nyoa hizo ndevu. Mimi nilikua nikiona wivu. Sasa akilazimika kukutaja alisema "yule kijana", na kwenye sala ya jioni alitaja hai na wafu, mpaka jirani aliyevunjika mguu, akifika mahali pako anaruka. Nilikuwa nikisubiri hapo kila jioni, macho wazi, nikimtazama akiruka.

Picha yako ya kazini, ile uliyopiga mbele ya duka la miwani kule mjini, aliitoa sebuleni akasema kioo kimeingia vumbi. Haikurudi.

Kwa hivyo nilikuwa nimebanwa kati ya mambo mawili, na sikutaka lolote liwe kweli. Ama Mama ana haki, ulienda kule kufa. Ama Wekesa alikufanyia kitu na anaficha.

Nilianza kurudia kila ulichowahi kuniambia, nikikikagua upya. Nilikumbuka mchana ule kwenye benchi la mchoma nyama. Uliweka sahani ya kachumbari mbele yangu ukasema hili ni hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Maji yakipwa yanatoka humu kwa kasi. Ukachukua tonge la ugali likawa upepo unaotoka baharini. Hapo vinapokutana, ukasema, maji yanasimama na kusukumana kama watu wanaogombania mlango, na hapo ndipo tunapokwenda. Nikakuuliza kwa nini usipige kasia mahali palipotulia urudi nyumbani kama watu wengine. Ukajibu, "Fundi, siku maji itanigeukia, sitaki iwe mara yangu ya kwanza." Ukaongeza kwamba mnachagua mahali ambapo upepo unawarudisha ufuoni, na kwamba hakuna anayekwenda peke yake. Siku ile nilicheka nikakunyang'anya mfupa. Baadaye, nikiwa nakukagua, maneno hayohayo yalianza kunisikika kama ya mtu aliyejitayarisha kuulizwa.

Ndivyo shuku inavyofanya. Nilikushuku wewe, ambaye ulikuwa ukikaa sakafuni sebuleni kila jioni ukijifunza kuzungusha kiuno, mpaka Mama akadhani unafanya mazoezi ya densi za klabu. Niliwaza zile asubuhi za bwawa, zile safari za Ziwa Naivasha mchana upepo ukiamka, ulivyorudi macho mekundu umechoka na umefurahi, nikajiuliza ni furaha gani ile. Samahani. Nilikosa mtu wa kumuuliza.

Wekesa alipotea kwa muda. Kisha akaanza kuja kila Jumamosi na mkate na maziwa. Alikaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, hakuvua jaketi, na chai yake haikuisha. Mama alimpokea kwa heshima kisha akaenda jikoni. Mimi ndiye niliyebaki naye, na nilimbana. Nilimuuliza habari za siku ile, na Jumamosi iliyofuata nikamuuliza tena, kana kwamba nimesahau. Kila mara alisema yaleyale kwa mpangilio uleule: tulifika, tukaingia, maji ilikuwa kubwa, akapinduka, akarudi, akapinduka tena, nikajaribu kumfikia, nikashindwa. Mtu akikumbuka jambo husema leo hili, kesho lile. Yeye alikuwa kama amelikariri. Na kila mara, kati ya kuteremsha kayaki na kuingia majini, aliruka, kama Mama anavyoruka jina lako.

Halafu siku moja, akiwa ameshika kitasa cha mlango, akaniuliza bila kunitazama, "Ile sketi bado iko?"

Nikamwambia sijui ilipo. Akaaga, akafungua mlango akaenda.

Jumamosi iliyofuata hakuja asubuhi, alituma ujumbe kwamba ana shughuli. Sikufungua kibanda. Nilijua ni shughuli gani, maana nilikuwa nimeona kayaki yake juu ya Probox pale Dagoretti Corner, amesimama kununua mafuta. Nikapanda pikipiki ya boda nikamfuata nyuma. Nilimpigia simu msusi wa saluni nikamwambia ninakoelekea na ninamfuata nani, na kwamba nisiporudi aanzie hapo. Alicheka, lakini aliandika namba ya gari.

Aliingia kwenye lile bwawa la kuogelea la Lavington mlilokuwa mkifanyia mazoezi Jumapili wakati Mama akikutafuta kanisani. Nilisimama nyuma ya ua wa michongoma. Wekesa alikuwa majini na kayaki yake, anapinduka na kurudi, anapinduka na kurudi, peke yake, hakuna anayemtazama isipokuwa mlinzi wa bwawa, mwanamke aliyekuwa akila mahindi ya kuchoma. Aliporudi juu akigeukia upande wangu niliona kiunoni mwake kitu chekundu.

Nilitembea mpaka ukingoni na viatu vyangu. Mkanda wa mkoba wa Mama. Mistari miwili na zigizaga. Alikuwa ameivaa sketi yako.

Sikupiga kelele. Nilimuuliza tu kama alikuvua kabla hujafa au baada. Aliposikia hivyo alishika ukingo wa bwawa kama mtu anayetaka kuzama, na bado alikuwa kwenye maji ya kufika kifuani.

Nitakuandikia alivyosema, kwa sababu ni maneno uliyoyasikia wewe pia, na ukiwa mahali ambapo waweza kukana, ukane. Alisema, "Wangui, si vile unafikiria. Yangu ndio ilikatika. Pale beach, nikiivuta kuicheki, mkanda ikabaki kwa mkono. Nikamwambia, buda, leo tuwache. Akacheka. Akavua yake akanipatia. Akasema, 'Shika hii. Mimi mara ya mwisho kuvuta hiyo kitu hata sikumbuki.'"

Nilijua kwamba ni wewe. Sio maneno tu, ni ule ubishi. Uliweza kupinduka na kurudi juu kila mara, kwa hivyo ulianza kuuona mkanda kama kitu cha wanafunzi. Ninyi watu wa kayaki mna hilo kosa lenu, anayejua sana kurudi husahau mlango wa kutokea. Wekesa alikuwa bado anajifunza, ukampa mlango wako. Ukaingia kwenye maji yale umevaa sketi isiyo na mkanda.

Akasema ulipinduka mara ya kwanza ukarudi unacheka. Mara ya pili ukarudi. Mara ya tatu aliona kasia linakwenda peke yake. Hapo nikakumbuka daktari alivyosema, kwamba bega lako la kulia lilikuwa limechomoka, nasi tukadhani ni mawimbi yaliyokupiga baadaye. Akasema alikukimbilia. Wimbi likampindua na yeye, akapapasa tumboni, akaupata mkanda, akavuta, akatoka. Alipokufikia akiogelea, akakutoa, ulikuwa umekwisha nyamaza.

Ndiyo maana hakuthubutu kutuletea sketi isiyo na mkanda. Alijua Mama angeuliza, na mimi ningeigeuza. Akabandika mweusi kwa gundi. Na yako hakuweza kutuletea kwa sababu hakujua atasemaje kwamba anayo. "Nimekaa nayo kwa gari," akasema, "siwezi iacha na siwezi ivaa. Leo ndio nimeivaa."

Maneno mazuri. Machozi pia. Lakini mimi ni mimi. Hadithi ambayo aliyekufa ndiye mkarimu na aliye hai ndiye mwenye bahati, na shahidi ni mmoja, nitaimezaje nzima? Nilimwambia simwamini. Nilimwambia mpira ni mpira, unanyooka, mtu mwenye nguvu kama zako angeibandua ile sketi hata bila mkanda. Akasema huwezi, ukiwa kichwa chini huna pa kushika. Nikamwambia nitaona.

Nilikuwa nayo ile nyingine mkobani, tangu alipoiulizia nilikuwa nikiibeba kila mahali kama ushahidi. Nilichukua mkasi wangu nikaukata ule mkanda mweusi mbele yake, nikavua viatu, nikaingia bwawani na nguo zangu. Mimi, ambaye maji yakipita magoti naanza kuomba. Wekesa alisema hapana, akasema tena hapana, mwisho akashuka kwenye kayaki yake akanishikia nikakaa. Aliibana sketi pande zote. Yule mlinzi aliacha mahindi akaja kusimama karibu kabisa, na nilimwambia kwa sauti amwangalie huyu mwanaume mikono.

Fikiria. Mtu ninayemshuku kwamba alikuua, nimemkabidhi mwili wangu anipindue.

Maji yaliingia puani kabla sijafunga mdomo. Nilishika ukingo wa sketi, ukateleza. Nilishika mbele, ukateleza. Nilikuwa sijui juu ni wapi. Nilivuta kwa kucha, mimi ambaye vidole vyangu vinavuta sindano kwenye ngozi ya kiti, nikapata mpira mtupu. Kisha mikono yangu, bila mimi kuituma, ikatoka nje pande mbili ikaanza kupiga tumbo la kayaki. Pa, pa, pa.

Alinigeuza papo hapo. Nilikohoa mpaka nikatapika ukingoni, na yule mlinzi akanipiga mgongo akiniita mwendawazimu. Nilipopata pumzi niliona Wekesa amesimama majini amejishika kichwa, analia kama mtoto. Akaniuliza nani alinifundisha kupiga vile. Nikasema hakuna. Ndipo akanieleza kwamba hiyo ndiyo ishara yenu. Aliyeshindwa kurudi hupiga tumbo la kayaki kwa viganja ili mwenzake alete pua ya kayaki yake aishike, ajivute juu. Na akasema sehemu aliyokuwa akiiruka.

Ulipiga, Ndung'u. Alisikia ukipiga. Upepo ulikuwa mkubwa lakini alisikia, na aliendelea kusikia alipokuwa majini mwenyewe anaogelea kuja kwako, na anasikia mpaka leo.

Nililia, sikatai. Nililia kwa uchungu, na ndani ya uchungu huo kulikuwa na kitu kingine, nakionea haya kukuandikia. Ilikuwa furaha. Mtu anayekwenda kufa hapigi vile. Ulitaka kurudi nyumbani.

Nilimwambia Wekesa anipe sketi yako kwa siku moja tu.

Jumapili baada ya kanisa nilimkuta Mama nyuma ya nyumba akitafuta mayai. Kuku walikuwa wameanza kutaga ndani ya kayaki yako, kwa hivyo nilikuwa nimeiburuta nikaiweka kwenye nyasi nikaipangusa. Nikamwomba aketi ndani yake. Akaniuliza, "Unataka kunifanya nini?" Unaona nilikotoa tabia hii. Lakini viatu vya kanisani vilikuwa vimemchosha, na akaketi, na kofia yake ya Jumapili kichwani, miguu imenyooka mbele. Nikamvalisha sketi juu ya gauni lake nikaibana ukingoni.

Aliuona mkanda mara moja. Akaushika, akaupitisha kidole pale rangi ilipochubuka kwa miaka ya kuning'inia kiwikoni. "Hii ni mkanda ya mkoba yangu." Akaongeza, "Na nikanyima Njeri salamu mwaka mzima nikisema ndiye alichukua." Maskini Anti Njeri, dada wa watu. Nilidhani atakasirika, na midomo yake ilianza kujipanga kukasirika, halafu ikaacha.

Nikamwambia avute. Akavuta, sketi ikachomoka, magoti yake yakaonekana. Akanitaka nimrudishie. Akavuta tena.

"Aliweka hii ndio atoke?"

Nikasema ndiyo.

"Na hiyo siku ilikuwa wapi?"

Nikamwambia yote. Nilimwambia uliyempa, na kwa nini, na bega, na kupiga. Sikupunguza kitu, kwa maana angejua. Alisikiliza akiangalia mbele, kama mtu anayesafiri. Nilipomaliza, aliweka viganja vyake pande mbili za kayaki. Akapiga polepole. Akaniuliza, "Hivi?" Nikasema kwa nguvu zaidi. Akapiga kwa nguvu. Kuku wakaruka. Akapiga mpaka kofia ikaanguka kwenye nyasi, na hakuniruhusu nimshike mikono, na mimi nikakaa chini kando yake nikamwacha apige.

Jioni hiyo tulisali kama kawaida. Alitaja hai na wafu, na yule jirani ambaye mguu wake umepona kitambo. Akafika mahali pako. Macho yangu yalikuwa wazi. Alivuta pumzi, akasema, "Na Baba. Alikuwa anaita." Kisha akasema amina, akaamka kwenda kufunga mlango.

Picha yako imerudi. Vumbi halikuwepo.

Nikitafuta sanduku lako nilipata ule mkoba wenyewe juu ya kabati lako, umefungwa kwenye gazeti, una mkanda mmoja. Nilimpelekea Mama nikitarajia auweke kama kumbukumbu. Aliugeuzageuza, akaniomba mkasi, akaukata ule mkanda uliobaki pia. Akasema, "Shonea Wekesa kwa ile yake. Na umwambie akikuja Jumamosi atoe hiyo jaketi akule chapati kama watu." Nimeushona, mistari mitatu safari hii. Yako ameirudisha, inaning'inia kibandani kwangu nyuma ya cherehani, bado inanuka mbuzi.

Sasa nikuage, maana mteja amesimama na anataka zipu. Sikuahidi kwamba nitaipenda ile bahari yako. Siipendi. Lakini ninakwenda bwawani na Wekesa siku za mapumziko, na nimeshajua kufungua macho nikiwa chini. Wenzenu wa kayaki wamesikia habari zangu, wanakuja hapa sokoni nawashonea. Watakapokwenda tena kule hori linapokutana na upepo nitakwenda nao, na nitasimama ufuoni na viatu vyangu. Hakuna atakayegusa maji kabla sijamvuta mkanda kwa mkono wangu mwenyewe, hata awe anajua kurudi namna gani, hata anicheke. Sitamwamini mtu. Nakuahidi hilo, na unajua hiyo ni kazi ninayoiweza.

Mama anakusalimu. Amesema niandike hivyo: mwambie Baba namsalimu.

Dada yako,
Wangui